Siku Niliyoipangusa Prosesa Ikang'aa

Jamani, hii aibu nimekaa nayo tangu mwaka jana na hata mke wangu sijamsimulia, lakini leo naitoa, nyie chekeni tu mkishamaliza kunisikiliza.

Mie ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja huku Bunju, na kompyuta nzima tunayo moja. Siku ya wazazi ilipokaribia mkuu wa shule akatangaza usafi wa nguvu, wanafunzi wakafagia mpaka mitaro, na mie nikaona nisibaki nyuma, nikafungua mashine niipanguse ndani (uamuzi mdogo tu huo, ndio ulioniponza). Nikang'oa feni na kile chuma cha kupoza, nikakuta juu ya prosesa kuna kitu cha kijivu kimeganda kama dawa ya meno iliyokauka. Nikasema uchafu gani huu! Nikausugua kwa spiriti mpaka prosesa ikang'aa, nikarudishia kila kitu, nikajipongeza. Na mjue nilikuwa mwaka wa tano nafundisha kompyuta, sijawahi kufungua hata moja.

Kesho yake, ndiyo siku yenyewe ya wazazi, Neema wa kidato cha tatu akasimama mbele ya wazazi, binti mpole lakini akieleza kitu unakiona. "Prosesa haina maajabu," akasema. "Inachukua agizo moja kwenye kumbukumbu, inalielewa, inalitekeleza, inarudi kuchukua lingine. Jumlisha hizi, linganisha zile, basi. Ila inafanya hivyo mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, ndiyo maana inapata joto." Akawasha programu ya kutafuta namba tasa, namba zikawa zinamiminika kwenye skrini, wazazi wakapiga makofi, haikupita dakika mbili skrini ikawa giza.

"Umeme wetu huu, wazazi wangu," nikasema (taa zote za ukumbini zinawaka, mzee mmoja akazitazama, kisha akanitazama mimi). Nikawasha, ikazima. Nikawasha tena, ikazima mapema zaidi.

Mkuu akauliza, "Mwalimu, nani ameigusa mashine hii?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Mdomo ukasema, "Neema ndiye aliyeiwasha asubuhi."

Neema akainamisha kichwa, hakubisha, na ule ukimya wake wa heshima uliniuma kuliko kama angenikana mbele ya watu. Mama yake akasimama, fundi simu pale stendi, bisibisi anatembea nayo kwenye mkoba. "Shikamoo mkuu, naomba niifungue." Akafungua, akachungulia.

"Mwalimu, krimu iko wapi?"

"Krimu gani, mama Neema?"

"Ile ya kijivu. Ndiyo inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hiki chuma. Isipokuwepo, prosesa inachemka, na ikichemka inajizima yenyewe isiungue." Akamgeukia binti yake. "Umeitoa wewe?"

"Hapana, mama."

Nikalegeza tai, nikasema, "Ni mimi. Nilidhani uchafu." Walicheka, jamani, mkuu mwenyewe akavua miwani afute machozi. Nikamwomba Neema radhi palepale, mbele ya wote.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Mama yake alileta krimu wiki hiyohiyo, mashine ikapona, na mie najiambia kwamba kile kidude chenye kazi ya kujumlisha na kulinganisha kilijua joto likizidi kinyamaze, halafu mimi mwalimu nikashindwa kunyamaza. Nimejiapiza jina la mwanafunzi halitanitoka tena mdomoni kunifichia kosa langu. Nimechelewa kidogo. Neema alikuwaga muulizaji kuliko darasa zima, sasa yuko kidato cha nne, na tangu siku ile hajaniuliza swali hata moja. Kila nikimaliza kipindi nasema, "Kuna mwenye swali?" na macho yangu yanaenda kwenye dawati lake.