Sekunde Tatu, na Hakuna Mtoto

Saa mbili asubuhi mjini Tamale, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, limeingia hadi kwenye kibodi. Wunpini Alhassan anaifuta kwa ncha ya mtandio huku akisubiri orodha. Itachukua dakika arobaini.

"Mashine imelala, dada?" anamtania Fuseini, dereva wa gari la chanjo.

"Inatafuta. Wewe kanywe uji wako."

Wunpini, miaka 31, hutunza kumbukumbu za watoto katika ofisi ya afya kwa mshahara wa sidi 1,900 kwa mwezi. Kila wiki huiuliza kompyuta: nani hajafika kliniki hata mara moja? Gari huyafuata majina hayo.

Mwanzoni kompyuta ilimchukua mtoto mmoja mmoja, ikamtafuta kwenye daftari la mahudhurio. Bosi akachoka kungoja. "Wunpini, kwani unapika maharage? Harakisha!"

Akalibadilisha swali: nambari za wote waliofika zikusanywe kwanza, kisha iulizwe nani hayumo. Jibu likaja kwa sekunde tatu. Hakuna mtoto.

"Bosi alipiga makofi," anasema. "Na mimi nikacheka, mjinga mimi."

Kwao mtoto hapewi jina hadi siku ya nane, na nambari ya kadi hutoka pamoja na jina. Akiletwa kabla ya hapo, huandikwa daftarini nambari ikiachwa wazi. Pengo hilo laweza kuwa la mtoto yeyote. Kompyuta haikuweza kuapa kwamba fulani hayumo, basi haikumtaja hata mmoja. Pengo moja tu lilitosha.

Wiki sita gari halikutoka. Surua ikaingia kijiji cha Tibogu. Watoto wanne wakazikwa.

Mmoja alikuwa wa Mma Sanatu, mama muuza siagi ya shea. Wunpini alikwenda kumpa pole, akamweleza kila kitu.

"Kwa hiyo mwanangu hakuonekana?"

"Hakuonekana, mama."

"Mbona siku za kura mnatuona wote?"

Wunpini alirudi mjini. Ofisini, bosi alikwisha kuandika kwamba akina mama wa Tibogu ni wazembe.

Swali la zamani, lile la polepole lisilokwamishwa na pengo, amelirudisha. Ameandika barua mbili akiomba mtoto apewe nambari siku anayozaliwa, jina lije baadaye. Hazijajibiwa.

"Siwangoji," anasema. "Orodha ikija tupu, sitii sahihi. Napanda gari na Fuseini, tunakwenda kuangalia nyumba kwa nyumba. Wakitaka kunifukuza, wanifuate hukohuko."