Bi Peasi na Pazia la Mama Mkwe

Ismaili Shemdoe hakuwahi kumaliza ubao wa duka bila kuongeza kitu ambacho mwenye duka hakukiomba. Ukimwambia aandike BUCHA, ataandika bucha, tena kwa herufi zilizonyooka, kisha pembeni atakuchorea ng'ombe aliyevaa miwani anapima nyama ya mbuzi kwenye mizani. Wenye maduka walinung'unika. Lakini wapita njia walisimama kumtazama ng'ombe, na mtu akishasimama mbele ya bucha huona haya kuondoka mikono mitupu. Basi wakamwacha.

Kazi hiyo aliianza miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye kibanda Lushoto akataka kibanda chake kiwe na jina. Kabla ya hapo lilikuwepo duka la ushirika, na halikuhitaji ubao, kwa sababu kila mtu alijua lilipo na kila mtu alijua halina kitu. Ruksa ilipokuja zikaja saluni, zikaja hoteli za chai na maandazi, wakaja mafundi redio na wauza mitumba, na wote walimtaka Ismaili. Kuanzia Soni mpaka Mlalo, rangi iliyokuwa ukutani ilikuwa yake, na nyingine ilikuwa kwenye suruali yake.

Magazeti nayo yakaruhusiwa, yakazaana kama sungura, na katika kuzaana huko yakazaliwa ya katuni. Ismaili alituma ukurasa mmoja Dar es Salaam kwa basi. Ukachapwa. Akatuma mwingine. Hivyo ndivyo alivyoingia duniani Bi Peasi, mama wa milimani, mwembamba mabegani na mpana chini kama tunda lenyewe, anayeshusha kabichi na matunda mjini na kuwatoa jasho madalali. Alikuwa na jino moja la mbele lililowatangulia wenzake, na ulimi uliolitangulia jino. Watu ambao hawajawahi kuuona mlima waliandika kumsalimia, na wengine walimposa.

Ismaili alikuwa na watoto wake wa nyumbani, Shabani na wadogo zake, na aliwapenda. Lakini ukitaka kumwona amekasirika, umseme vibaya Bi Peasi.

Mwaka wa elfu mbili na tatu mhariri alipiga simu, kwenye simu ya mwenye duka la vipuri, maana Ismaili hakuwa na yake. Alisema gazeti sasa litatoka kwa rangi. Kurasa za wino wa mkono hazitapokelewa tena. Kila mchoraji apitishie wino na kutia rangi kwenye kompyuta, aweke kazi kwenye sidii, na ya kwanza ifike kwa basi la Ijumaa ya wiki ijayo. Asiyeweza asihangaike, wahusika wake watachorwa na kijana mmoja hodari wa pale ofisini.

"Huyo kijana ameshafika Lushoto?" Ismaili aliuliza.

"Ameshafika Morogoro," mhariri alisema.

Ismaili alirudisha simu kwa mwenyewe bila kuaga. Alimwona Bi Peasi wake mikononi mwa mtu anayedhani mlima ni pembetatu na peasi hukomaa chini kama karanga. Hakula chakula cha jioni, na mkewe Rahma alipomwuliza anaumwa nini, alijibu kwamba ananyang'anywa mtu.

Sasa, Lushoto nzima mtu aliyejua kupaka picha rangi kwenye kompyuta alikuwa mmoja tu, Husna, msichana aliyesomea kazi hiyo Tanga na kufungua chumba karibu na soko, akitengeneza kadi za harusi na kalenda. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwenye subira, asiyemchoka mjinga. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa mama mkwe wa Ismaili.

Ilikuwa hivi. Bibi Zuhura, nyanya yake Rahma, alimzaa mama yake Rahma akiwa msichana, halafu akaendelea kuzaa mpaka watu wakasema sasa amefunga, na ndipo akamzaa Husna. Kwa hiyo Husna ni mdogo wake mama yake Rahma, na mdogo wa mama ni mama, hata akiwa na meno ya utoto. Na kwa Washambaa wa upande ule mkwe ni mkwe. Hatazamwi usoni, hakaliwi naye benchi moja, habishiwi, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja hushuka majanini. Siku ya harusi yake Ismaili alimwamkia shikamoo mama mkwe wa miaka saba aliyekuwa akilamba ukoko wa pilau, na wazee walisimama pale kuhakikisha ameitamka yote. Tangu hapo alikuwa akimkimbia. Akiwa juu ya ngazi anapaka ubao na Husna akatokea, Ismaili aligeukia ukuta kama popo mpaka apite.

Na ukimfundisha mtu kipanya cha kompyuta, sharti umkalie ubavuni na umshike mkono.

Aliyelifungua fundo alikuwa Bibi Zuhura mwenyewe. Kati ya bibi na mume wa mjukuu hakuna haya, kuna utani, na siku zote alimwita Ismaili mume wangu na kumdai sukari. Alisema wanawake wamejifungua nyuma ya pazia na watoto wakatoka wazima, sembuse picha. Akatundika kitenge katikati ya chumba cha Husna. Huku akakaa Ismaili na kompyuta, kule akakaa Husna na mashine yake ya kukatia kadi, na mwisho wa kitenge, penye mwanya, Bibi Zuhura akaweka kigoda chake, jicho moja huku na jingine kule. Kazi yake ilikuwa kutazama kioo cha kompyuta na kusema anachokiona.

Sauti ya Husna ilisikika chumba kizima. Hata hivyo heshima ni heshima.

"Mwambie akishike kipanya polepole," Husna alisema, "asikikabe."

"Mume wangu, umeambiwa usikikabe."

"Nimesikia, Bibi."

"Husna, amesikia."

Ukurasa wa penseli ulikuwa umeshaingizwa kwenye mashine. Husna alieleza kwamba penseli inabaki chini, juu yake anafungua tabaka tupu, na kwenye tabaka hilo ndipo anapitisha wino, ili akiharibu asiidhuru ya chini. Ismaili hakuelewa. Bibi Zuhura akamtafsiria kwamba ni sawa na kufunga khanga juu ya gauni: khanga ikimwagikiwa mchuzi, gauni limepona. Akaelewa papo hapo.

Mkono uliokuwa ukinyoosha herufi bila rula sasa ulitetemeka kama wa mlevi. Mlima wa kwanza ulitoka na nundu kama ngamia. Husna akamfundisha namna ya kurudisha kosa nyuma kwa kubonyeza, na Ismaili akaipenda huruma hiyo kupita kiasi. Alibonyeza kosa, akabonyeza lililotangulia, akaendelea kubonyeza na kutubu, na alipoinua macho kioo kilikuwa cheupe na kazi ya asubuhi yote imekwenda.

Ilipofika Jumatano wino ulikuwa umekubali. Hapo ikaja ndoo.

Kwenye mashine kuna alama ya ndoo ya rangi. Unachagua rangi, unagusa ndani ya umbo, na umbo lote hujaa kwa mguso mmoja. Ismaili, aliyemaliza miaka akipaka mabango kwa brashi ya inchi mbili, alisikia habari hiyo kama anasimuliwa habari za peponi. Akachagua kijani, akagusa kabichi moja kwenye kapu la Bi Peasi.

"Husna," Bibi Zuhura akaanza, "kabichi imejaa. Sasa imefurika. Imeshuka kapuni, imepanda mlima. Mlima ni kijani, hapo si vibaya. Imeingia mbinguni. Sasa imemkamata mama wa watu, uso kijani, meno kijani. Hakuna kilichobaki, mwanangu."

Husna alisema kuna ufa. Rangi ya ndoo ni kama maji ya mfereji, ikipata upenyo hutoka. Autafute ufa auzibe.

Hapa ndipo palipouma. Ismaili alizoea kuchora kwa brashi iliyokaribia kukauka, na mistari yake ilikatika kabla ya kukutana, kwa makusudi, kama vile ukungu wa asubuhi unavyokula kingo za mlima. Jicho la msomaji hujimalizia lenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mstari uliofungwa pande zote kama zizi, kwake, ulikuwa mstari wa mtoto wa darasa la pili. Lakini mkwe habishiwi. Akaziba ufa mmoja kwa uchungu, akamimina tena, na kijani kikatoka kwingine. Siku hiyo ikaisha hivyo, anaziba huku kunavuja kule, na Bi Peasi wa mistari iliyofungwa akaanza kufanana na chupa.

Alhamisi mchana Husna alimwagiza aikuze picha ili nyufa ndogo zionekane. Akaikuza. Uso wa Bi Peasi ukajaa kioo kizima.

Bibi Zuhura alikuwa amemwona Bi Peasi magazetini mara nyingi, lakini gazeti ni dogo na macho yake ni ya zamani. Alisogeza kigoda. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mume wangu, huyu ni nani?"

"Ni Bi Peasi, Bibi."

"Naona jino langu."

Ismaili alifungua mdomo kusema kwamba meno ya duniani yanafanana, lakini Bibi Zuhura alikuwa ameshaanza kushuka na macho, kutoka kwenye jino kwenda mabegani, kutoka mabegani kwenda chini kulikopanuka. Alipofika chini alikaa huko kitambo. Kisha akainuka, akageuza kigoda, akakaa kuutazama ukuta.

Husna aliuliza kule nyuma kama rangi imekaa. Akauliza tena.

"Mama, umelala?"

"Sijalala," Bibi Zuhura alisema. "Nimechorwa."

Hakusema tena. Basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Ismaili alimwomba msamaha, akamwahidi sukari, akaufuata utani wake wote mpaka mwisho, na mgongo wa Bibi Zuhura haukutikisika. Kumwita Rahma awe mjumbe haikuwezekana, alikuwa bondeni kwenye kabichi. Kijani kilikuwa kimefurika tena. Huku kulikuwa na mgongo, na kule pazia, na nyuma ya pazia mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo.

Jasho lilimtoka, na baridi ya Lushoto watu wanaijua. Alikiinamisha kichwa, akaelekeza maneno sakafuni.

"Mama," alisema, "kijani kimetoka tena."

Kule nyuma mashine ya kadi ikanyamaza. Husna naye hakuwa amezoea. Alikohoa kidogo.

"Kimetokea wapi, Baba Shabani?"

Ismaili alitaka kujibu kwamba hajui. Lakini mama mkwe ameuliza, na mkwe hajibiwi sijui. Ikambidi atazame. Na alipotazama aligundua kwamba tangu Jumatatu hakuwa ametazama hasa. Alikuwa akimsubiri Bibi Zuhura amwambie kuna nini, kama kipofu na fimbo yake. Alifuata mstari mmoja mmoja kwa jicho lilelile alilokuwa akikagulia mabango.

"Kimetokea kisiginoni, Mama. Kisigino cha kushoto. Na pale kapu linapogusa kiuno." Kisha likamtoka lililomkaa kooni tangu jana. "Ila, kwa heshima zako, Mama, nikiziba kila penye mwanya, huyu mwanamke anakufa."

Alisubiri dari limwangukie. Husna alipojibu, sauti yake ilikuwa na kicheko alichokuwa akikizuia.

"Nani kakwambia uzibe kwenye wino? Fungua tabaka jingine, ziba huko. Rangi itakiona kizuizi na haitapita. Ukimaliza kupaka, kiondoe. Wino wako unabaki ulivyo."

"Unakiweka, unapaka, unakibandua?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni tepu," Ismaili alisema.

Tepu ya karatasi ya kuzuia rangi alikuwa ameibandika kwenye kila ubao kati ya Soni na Mlalo. Akabonyeza kurudi nyuma, safari hii kwa akili, mpaka Bi Peasi akapata tena mistari yake iliyokatika. Akaweka tepu za mashine kisiginoni, kiunoni, kwenye kingo za mlima. Akauliza akijibiwa, akabisha kidogo akijibiwa tena, pazia katikati na macho yote chini, na mchana wote mashine ya kadi haikufanya kazi. Kijani kikajaa kabichi kikatulia. Mlima ukapata wake, mbingu ikapata yake. Yalibaki mavazi.

"Huyo mwanamke umemvika rangi gani?" Ukuta ndio uliouliza.

"Nilifikiria kahawia, Bibi."

"Mimi sijawahi kuvaa kahawia."

Kwa hiyo Bi Peasi akavikwa khanga ya zambarau yenye pindo jekundu, na basi la alfajiri likashuka mlima na sidii ndani ya bahasha, chini ya kiti cha dereva.

Gazeti lilipotoka, mhariri alipiga simu kwenye duka la vipuri. Alisema ukurasa wa Lushoto umewatia haya wa mjini. Yule kijana amepewa kazi nyingine. Bi Peasi atabaki na mwenyewe. Ismaili aliegemea kaunta kwa furaha. Mhariri akasema ana ombi moja dogo tu. Wasomaji wanampenda sana mama yule, basi ukurasa ujao ampanue zaidi kidogo huku chini.

Ismaili alitazama ng'ambo ya barabara. Bibi Zuhura alikuwa amelitandaza gazeti juu ya fungu la kabichi za watu na wanawake wa sokoni wamemzunguka. Alikuwa akiwaeleza kwamba huyu ni yeye, amechorwa na mume wake, khanga ni yenyewe, ila hapa, na kidole kikashuka, hapa amemzidishia, na wameshazungumza, ukurasa ujao atapunguza.

Ismaili alimwambia mhariri kwamba simu za milimani hazisikiki vizuri, akakata.