Visu vitatu vya camping na mguu mmoja wa mbuzi

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambapo baridi ya wiki hii ni ya kuvaa soksi mbili.

Nimeleta uzi wa kisu. Nitausimulia vile mambo yalienda, pamoja na pale nilijiaibisha, kwa hivyo mkicheka mcheke polepole.

Mimi nauza kwa hardware hapa mjini. Niko na tabia moja mbaya: nikianza kutafuta kitu, situlii. Nanunua, nakichunguza, naona kasoro, naanza upya. Mathe, mama yangu, husema ati niko na siafu kwa suruali.

Sasa, mchumba wangu Muthoni ni wa Kerugoya. Ndugu zake wawili wana butchery. Ngurario yetu ikiwa imebakisha kama mwezi na nusu, yule ndugu mkubwa, Muriuki, akanipigia simu.

"Shemeji, sisi huenda camping huko Naro Moru, chini ya mlima. Kuja na sisi. Nyama tutabeba. Wewe kuja na kisu yako."

Kisu yako. Hayo maneno mawili yalininyima usingizi.

Kwa wasiojua: kwenye ngurario, harusi yetu ya kimila, bwana harusi anasimama mbele ya watu wote anakata kiande, yaani mguu wa mbele wa mbuzi, kwenye kiungo. Ukipata kiungo, kisu kinapita na akina mama wanapiga ngemi, yaani vigelegele. Ukikosa, unasaga mfupa huku mashangazi wa bibi harusi wanakutazama. Hiyo hadithi utaisikia hadi watoto wako waoe.

Na mimi sikujua kukata.

Baba aliondoka nikiwa darasa la pili. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniita nishike mbuzi mguu. Mathe alinilea peke yake na mshahara wa jikoni, kwa hoteli moja pale Karatina. Miaka thelathini na tatu nikiwa nayo, ningeanza kumuuliza nani? Niliona haya, wakuu, haya ya kweli. Nikajiambia nikipata kisu cha maana, mkono utafuata.

Basi nikaanza. Nilitaka kisu cha kizamani, kisichokunjwa, mpini wa mbao. Cha plastiki mbele ya wazee wa Kerugoya? Wacha tu.

Cha kwanza nilikitoa Nanyuki, kwa jamaa anauza buti na sleeping bag za mitumba za jeshi. Mpini wa mbao nyekundu, umepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Nilikipenda siku mbili. Siku ya tatu nikapaka mkono mafuta ya kupikia, nikajaribu kukishika. Kikateleza kama sabuni. Karibu niache kidole kwa sinki.

Mathe alikuwa amekuja kunitembelea. Akasimama mlangoni akiniangalia.

"Unafanya nini na hiyo kisu?"

"Ni ya camping tu, mathe."

"Camping," akasema, akarudi kwa chai yake.

Cha pili niliagiza online. Kwa picha kilikuwa kizuri ajabu. Kufika, nikakigonga kidogo kwa ubao, mpini ukaanza kucheza. Nikaufungua. Chuma kiliingia ndani ya mbao kama urefu wa kidole gumba, basi, kwingine ni gundi. Nilikasirika mpaka nikaongea peke yangu dukani, mteja anangoja misumari.

Usiku nilikuwa nasoma comments za watu wa Finland juu ya visu. Finland, wakuu! Wanajua nini juu ya kiande?

Muthoni akaniuliza kama kweli nataka kuoa, maana kila nikikaa naye nachungulia simu. Nikamwambia ni kazi. Hapo ndipo niliogopa, kwa sababu huyo msichana nampenda na nilikuwa nimeanza kumdanganya juu ya kisu.

Cha tatu nikaenda Sagana, kwa fundi anafua visu kwa spring za lori. Mzee mtulivu. Akanionyesha vile chuma chake kinapita hadi mwisho wa mpini, na mpini wenyewe ni wa mutamaiyo, ule mzeituni wa msituni, hauna vanishi, umepakwa mafuta tu. Unashika mkononi vizuri hata ukiwa na maji.

Akaniuliza, "Unataka kukata nini?"

Swali rahisi hivyo. Nikamjibu, "Kuni. Kuni sana sana."

Akanitengenezea kisu cha kuni. Mgongo mnene, mzito, mzuri kabisa.

Naro Moru tukapiga hema kando ya mto. Kwa kuni nilikuwa mfalme. Nilipasua magogo mpaka ndugu mdogo akaomba ajaribu. Nikaanza kujisikia shemeji.

Saa kumi jioni Muriuki akatoa mguu mzima wa mbuzi kwa cooler, akauweka juu ya ubao mbele yangu.

"Haya, shemeji. Tutolee kwa kiungo."

Nikakata. Mfupa. Nikasogea kidogo, mfupa tena. Bapa lilikuwa nene, likaingia kwa nyama likakwama. Nikaanza kulivuta mbele nyuma, jasho linanitoka na baridi yote ile.

Ndugu mdogo akasema, "Huyu anapasua kuni ama anakata nyama?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Muriuki hakucheka. Alinitazama mikono.

"Nani alikufundisha?"

Ningeweza kusema kisu ni kibaya. Nilikuwa nayo maelezo ya kutosha, ya Finland na yote. Lakini nilikuwa nimechoka, wakuu, wiki tano za kuhangaika.

"Hakuna," nikasema.

Akaja akashika kidole changu, akakisukuma ndani ya nyama baridi. Kwa mkono mwingine akauchezesha mguu.

"Unaskia penye inacheza? Hapo. Usitumie nguvu."

Akanipa kisu chake cha butchery, chembamba, kimechoka. Kikapita. Haikufika hata nusu dakika.

Jumatatu nikarudi Sagana. Nikamwambia fundi ukweli wote. Akatikisa kichwa: "Si ungesema? Hata singekufanyia hii." Akakichonga upya, chembamba.

Siku ya ngurario nikatafuta kwa kidole, nikasikia panapocheza, nikakata mara moja. Ngemi ikasikika mpaka kwa jirani. Muthoni alikuwa analia na kucheka.

Baadaye mathe akanivuta kando ya hema la wageni.

"Nani alikuonyesha hiyo kiungo?"

"Muriuki."

Akakunja leso yake.

"Miaka kumi na tisa nimekata hizo miguu kwa hoteli. Siku ya soko ni kumi, kumi na mbili. Unafikiria ulisoma na nini?" Akaniangalia. "Ulikuwa unacheza na visu mbele yangu. Ungeniuliza."

 

Kwa hivyo wakuu, wa camping: mpini wa mbao ngumu bila vanishi, chuma kifike mwisho, na mwambie fundi ukweli wa unachokata. Hilo la mwisho nililipata kwa shida.

Kile kisu cha Sagana sasa kiko jikoni kwa mathe. Nilimpelekea mwenyewe. Aliangalia makali, akatoka nacho nje, akakinoa upya kwa jiwe la mlangoni, ati fundi alibakisha kazi. Kisha akaniita nishike mguu wa mbuzi.

Haya, semeni. Mnatumia kisu gani mkienda mlimani, na ni nani nyumbani mnaogopa kumuuliza?