Choo Kilichochanua Maua ya Njano

Pale Ujiji tuliuita mti wa mradi, kwa sababu uliletwa na mradi, na jina lake lenyewe hakuna aliyeweza kulitamka, hata bwana misitu aliyetugawia miche. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vilima vya nyuma ya mji vilibaki vipara kwa kuni, zetu na za kambini, naye alituambia mti huu utatuokoa. Nilichukua miche kumi, nikatia sahihi kwenye daftari lake kwamba sitakata hata tawi bila kibali.

Kukua, ulikua. Mwaka wa pili tulikaa kivulini kwake. Wa tatu ukatoa maua ya njano, nyuki wakaja, mume wangu akatundika mzinga. Ila maganda yalipopasuka, mbegu ziliota kila mahali: kwenye maharage, kwenye mihogo, hata ndani ya chungu nilichokisahau nje. Ukikata mmoja, kisiki kinakurudishia saba.

Vita vilipowaka ng'ambo ya ziwa, shangazi wa mume wangu alishuka botini kwenye gati la Kibirizi na wanawe na wajukuu, jumla saba, cherehani kichwani. Sisi tulikuwa sita. Choo kikajaa kabla mwezi haujaisha. Kipindupindu kilikuwa kinatembea mjini, na bwana afya akatupa siku saba tuwe na choo kipya. Shangazi hakuwa mtu wa kungoja. Alichimba shimo, akakata nguzo nane za mti wa mradi, mbichi, akazisimika, akazungushia matete na kuezeka nyasi.

Nikamkumbusha kwamba nilitia sahihi.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "sahihi yako haiwezi kusitiri watu kumi na tatu."

Mvua zikanyesha. Asubuhi moja shangazi akatoka chooni mbio, kitenge mkononi. "Mama yangu, choo inaota!"

Kweli. Nguzo zote nane zilikuwa na machipukizi. Matawi yakalipasua paa, na msimu uliofuata choo chetu kikachanua. Nyuki wakahamia. Tuliingia taratibu, tukinong'ona, kama watu walio msibani.

Bwana afya alikuja kukagua, akaumwa na nyuki sikioni. "Choo hakina paa," akaandika. "Kateni matawi haya." Siku mbili baadaye akaja bwana misitu, nikajua leo ni faini. Akazihesabu nguzo, akarudia, uso ukamng'aa.

"Miti minane, tena kwa mstari! Nani kapanda?"

Shangazi akanyoosha mkono. Akaandikwa mpandaji bora wa mtaa, akapewa ndoo ya kumwagilia.

"Bwana afya anataka tuikate," nikasema.

"Bila kibali? Thubutuni."

"Basi tupe kibali."

"Nitatoaje kibali cha kukata miti iliyopata zawadi?"

Tukabaki na barua mbili, moja ya kukata na moja ya kutokata. Mvua ikinyesha, tuliingia chooni na mwavuli.

Miaka ikaenda hivyo. Siku moja nikichambua dagaa uani, gari la matangazo likapita. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, kinameza maneno. Tulisikia: "...kigeni... kuvamia... kung'oa na mizizi... kabla ya mvua!"

Shangazi hakuuliza. "Banatufukuza tena," akasema, na kabla sijanawa mikono alikuwa amefunga godoro, kajitwika cherehani, na wajukuu wamejipanga mlangoni. Nilimshika kitenge nikilia, naye akanivuta hivyo hivyo mpaka barabarani, mbele ya gari lililokuwa likirudi. Aliyeshuka ni bwana misitu yule yule, sasa kaota mvi.

"Shikamoo, Mama. Mnakwenda wapi na mizigo?"

"Si umesema wageni batoke?"

"Miti, Mama! Nimesema miti!"

Akaeleza pale pale. Mti wa mradi umeingia msituni, unaisonga miti ya asili, na wanyama wanakosa matunda yao. Ile aliyotugawia kwa mkono wake ndiyo adui sasa.

Shangazi akatua cherehani, akaketi juu ya godoro katikati ya barabara, akacheka mpaka akatoa machozi. Kisha nikaona kwamba hacheki tena. Bwana misitu akavua kofia, asijue aiweke wapi.

"Ungetanguliza kusema miti," shangazi akamwambia.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mtaani kushika panga. Choo kilianguka mchana mmoja. Visiki vilitushughulisha misimu miwili, tukichimba, tukichoma, tukichimba tena, na bado kila masika niling'oa miche kwenye maharage. Lakini kuni zake tulipikia zaidi ya mwaka, na uani jua lilitupiga mpaka tukakikumbuka kivuli kile. Shangazi aliondoka baadaye sana, ng'ambo kulipotulia, kwa boti ya mchana, siku aliyoichagua mwenyewe.