Wa Mwisho Kule Ngong

Matope ya mtaa wa Tassia ni meusi, kwa hivyo viatu vya Opicho vilipoanza kurudi nyumbani kila Jumamosi na matope mekundu, mkewe Ayuma akaingiwa na shaka. Opicho alisema ni mbio ndogo za kule milima ya Ngong, hazina medali wala watu wa televisheni, na mshindi hupewa mkungu wa ndizi awagawie wenzake. Mwanamume mzima akimbie vichakani kwa sababu ya ndizi? Ayuma hakuwa mjinga. Safari hii alifuatana naye.

Wakimbiaji wa kwanza walifika pale Ayuma alipongoja, wakala ndizi, wakaanza kuimba. Opicho hakuonekana. Halafu akatokea huko nyuma kabisa, pole pole, bega kwa bega na mwanamke mnene aliyekuwa akihema. Alikuwa amembebea chupa ya maji. Penye mawe alimshika mkono.

"Hiyo ndiyo kazi yake," mama aliyekuwa akimsaidia mshindi kugawa ndizi alimweleza Ayuma. "Hukaa na wa mwisho, asiachwe mtu. Na hamharakishi mtu."

Hapo wivu ukamshika Ayuma kuliko kama angemfumania. Miaka yote hiyo, wakienda kanisani, yeye alikuwa akiona kisogo cha Opicho tu.

Walipoondoka kwenda steji kupanda matatu, Opicho akatangulia kama kawaida yake. Ayuma akaketi juu ya jiwe.

"Mama Elsie, twende, tunachelewa," Opicho akamwita mkewe kutoka mbali.

"Baba Elsie, leo wa mwisho ni mimi," akasema. "Rudi unichukue."