Eleza, Usisimulie

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa mahakama, kazi yangu kuandika maelezo ya wanaokuja kushtaki. Mtu akianza kuzungukazunguka na habari za mvua na mbuzi, humwambia, "Ndugu, eleza, usisimulie." Kueleza kunatosha kwenye ukurasa mmoja. Kusimulia kunataka msikilizaji akae kitako, na mimi foleni inanisubiri.

Kosa langu ni kuipeleka kauli hiyo nyumbani. Siku moja mama, akichambua mchele, alianza, "Mwanangu, siku niliyokutana na baba yako nilikuwa na kiatu kimoja tu mguuni..."

Nikamkatiza. "Mama, eleza, usisimulie."

Akacheka kidogo. "Haya. Tulikutana stendi, tukaoana." Akarudi kwenye mchele wake.

Hakunisimulia kitu tena. Nikimpigia simu alinieleza: mguu unauma, dawa zipo, mlango umetengenezwa.

Juzi, tulipotoka kumzika, binti yangu aliniuliza bibi alikutanaje na babu.

"Walikutana stendi," nikasema. "Bibi yako alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni."

Akavuta kiti, akakaa kitako. "Na cha pili kilikuwa wapi?"