Shukrani kwa Meno ya Eunice

Pale Lituhi, ukiuliza nyumba ya Mama Damiano, mtu atakuelekeza kwenye vichanja vya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, vilivyo karibu na maji. Jina lake ni Avelina. Ameanika samaki hapo tangu usichana wake, na hapo ndipo alipowalelea wanawe wawili baada ya mumewe kufariki. Ni mwanamke wa maneno machache. Akishaamua jambo, ameamua.

Binti yake, Beata, alipokwenda Mbinga mjini kujifunza ushonaji, alimwachia mtoto wake wa kike aitwaye Eunice. Mtoto alikuwa bado anatambaa. Avelina alimfunga mgongoni akageuza samaki, akamfunga mgongoni akaenda jumuiya, na kwa kweli nyumba ilichangamka tena.

Kisha Eunice akapatwa na homa. Siku ya kwanza ilikuwa joto tu. Siku iliyofuata akaanza kuharisha, akaukataa uji, akawa analia huku amejitia vidole kinywani. Gertruda, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kumtazama. Akamfunua mdomo, akaona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali pa chonge.

"Mama Damiano, haya ni meno ya plastiki," alisema. "Ndiyo yanayomletea homa na kuharisha; usipoyatoa yatakuondolea mtoto. Kuna mama mmoja huko juu anayajua. Twende nikupeleke."

Gertruda hakuwa mtu mbaya. Avelina alipofiwa, ni yeye aliyelala naye nyumbani mpaka matanga yakaisha. Ndiyo maana Avelina hakubisha. Alijua jinsi kazi hiyo inavyofanyika: njiti ya baiskeli iliyonolewa, mtoto kushikwa miguu na kichwa, ufizi kuchimbwa mpaka kijino kitoke. Alijua, akaona heri hayo kuliko kaburi. Asubuhi wakashika njia.

Njia hiyo inapita mbele ya zahanati, na siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya watoto. Kinamama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakiwasikiliza vijana waliovaa makoti meupe. Walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno, walioletwa na chuo chao kufundisha namna ya kutunza vinywa vya watoto wadogo. Gertruda alitaka wapite haraka. Lakini Eunice alitapika mgongoni kwa bibi yake, na Avelina akalazimika kuomba maji ya kumwosha.

Aliyemletea maji ni msichana wa Songea mwenye hijabu, jina lake Zamda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole na mgonjwa. Mnampeleka wapi?"

Gertruda akawahi kujibu kwamba wanakwenda kutoa meno ya plastiki, na kwamba wamechelewa. Chuoni Zamda alikuwa amesoma habari za jambo hilo, lakini hakuwahi kukutana na mtoto akiwa njiani kupelekwa.

"Naomba nimwangalie, mama. Nikishamwangalia, nitakueleza ninachokijua."

"Wewe umezaa wangapi?" Avelina alimuuliza. Alisema kwa ukali wa hofu.

"Bado sijazaa, mama."

"Basi."

Zamda hakuondoka. Alinawa mikono kwa sabuni, akamwomba Avelina naye anawe, kisha akakiongoza kidole cha bibi taratibu mpaka juu ya ufizi wa mjukuu wake. "Hapo. Unasikia kitu kigumu? Hilo ni jino lake halisi. Liko njiani kutoka, ndiyo maana pamevimba na kuwa peupe."

Halafu akachukua taya ya kufundishia iliyotengenezwa kwa plastiki na kukatwa ubavu, ili mtu aone yaliyo ndani. Juu kulikuwa na meno ya utotoni, na chini yake, yamejificha mfupani, meno ya ukubwani.

Avelina aliitazama muda mrefu. "Kwa hiyo anayechimba hili la juu..."

"Anaweza kuliharibu na la chini, mama. Na jeraha linaweza kuingia uchafu. Homa haitoki kwenye jino. Ina chanzo kingine, na tukiwahi, tunaweza kukipata. Tufanye hivi: apimwe kwanza hapa hapa. Wasipoona ugonjwa, uamuzi utabaki wako."

Gertruda aliondoka amenuna. Avelina alibaki, akampakata mtoto.

Muuguzi alimtoboa Eunice kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa dawa ya mseto, akachanganyiwa ORS, maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Zamda aliketi sakafuni na Avelina, wakapokezana kijiko. Kila mtoto alipotema, walingoja kidogo wakamnywesha tena, mpaka macho yake yakaanza kufuata watu. Jioni aliomba kunyonya kidole cha bibi yake kilichokuwa na uji. Avelina akalia, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Siku ya tatu ndipo alipomwita mwanawe, Damiano, fundi wa maboti pale ufukweni. Damiano alikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini akicheka alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja. Chini, pande zote mbili, alikuwa na mapengo, na jino moja lilikuwa limeota limepinda. Mama yake alimsimulia alichoonyeshwa, na jinsi bibi yake mzaa baba alivyompeleka kutolewa meno akiwa mchanga, akiharisha kama Eunice.

Damiano aliweka randa chini. "Kumbe sikuzaliwa hivi?"

"Hukuzaliwa hivyo, mwanangu. Tulidhani tunakuokoa."

Alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Mmeniokoa," alisema mwishowe. "Nipo. Ila mtoto wangu akija, msimguse."

Kabla ya wanafunzi kuondoka, Avelina alikwenda kukaa kwenye benchi la mbele. Akajifunza kupangusa ufizi wa mtoto kwa kitambaa safi, kutomlaza na chupa ya chai ya sukari, na kuweka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele kwenye mswaki mdogo. Jumapili, sala ya jumuiya ilipokwisha, yule mwanamke wa maneno machache alisimama akasema mengi. Baadhi ya wenzake waliguna. Gertruda alitazama pembeni. Lakini mjukuu wa Gertruda alipovimba ufizi, mlango wa kwanza bibi huyo aliougonga ni wa Avelina, na wote watatu wakaenda zahanati pamoja.

Mwaka uliofuata chonge za Eunice zilitoka, nyeupe na imara, chini na juu. Avelina alikwenda parokiani kuomba misa ya shukrani. Padre alipouliza nia, alijibu bila kusita, na Jumapili nia ikasomwa mbele ya waumini wote: shukrani kwa ajili ya meno ya Eunice. Kanisa likaangua kicheko, na Avelina akacheka nao, akipeleka beseni la usipa mkavu altareni.

Alipotoka alimpigia simu Zamda, ambaye sasa alikuwa akimalizia masomo yake.

"Alhamdulillah," Zamda alisema. "Mama, nimefurahi sana! Na mswaki anapigishwa na nani?"

"Mimi mwenyewe, asubuhi na usiku. Ananing'ata vidole mpaka basi."

"Vumilia, mama. Mwache ang'ate."

"Ninamwacha," Avelina alisema. "Ana meno ya kung'atia."